Pumzi Si Viatu

Viatu vya mitumba huhesabiwa kwa miguu, si kwa pea. Anayehesabu kwa pea ni mgeni sokoni. Gunia likifunguliwa asubuhi pale soko la Toi, Nairobi, kinachomwagika chini si pea hamsini, ni miguu mia moja isiyojuana, na mara nyingine miguu tisini na saba, kwa sababu huko vilikotoka kuna watu watatu walioamua kubaki na kimoja. Kwa hiyo mimi huhesabu kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka mwisho, halafu narudia kutoka upande wa pili, ndipo naamini. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Imekuwa tabia ya mwili. Nahesabu ngazi ninazopanda. Nahesabu mandazi yakiwa bado mkononi mwa muuzaji, mbele ya macho yake, bila haya. Mke wangu, ambaye yuko nyumbani kwetu upande wa ziwa akilima, husema siku niliyoenda kujitambulisha kwao niliwahesabu wazee wa upande wake mara mbili. Ni kweli. Na mara ya pili walikuwa wameongezeka.

Nasema haya mapema ili nikifika kwenye kosa langu, msomaji asiulize limetoka wapi.

Binti yangu wa mwisho ameolewa Kawangware, kwa watu wenye ploti. Mama wa mumewe namwita mkwe, naye ananiita mkwe, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Ana vyumba kumi na vinne vya wapangaji, lakini yeye mwenyewe anaishi kile cha mbele kabisa, karibu na lango, ili mtu asipite bila yeye kujua anakwenda wapi na amebeba nini. Ni mama wa kanisa, sauti yake ya chini, leso yake haipindi. Katika kupatana bei ni mtu wa hatari, kwa sababu hana haraka. Nimepatana na wanafunzi, na askari, na mabibi wa mtaa wa Ayany wanaoshuka sokoni wakijifanya hawajui bei. Lakini mkwe akinyamaza, mimi ndiye naanza kujipunguzia mwenyewe.

Mjukuu alizaliwa, msichana. Miezi mitatu ilipoisha, binti yangu alitakiwa arudi kazini, katika karakana ya kushona sare za shule karibu na Ngong Road, na mume wake hushinda kazini Industrial Area. Swali likawa, nani atakaa na mtoto mchana? Mkwe aliona hilo si swali. Yeye yuko hapo hapo, mlango kwa mlango. Mimi niliona ni swali, na nilikuwa na jibu.

Watoto wangu wanne niliwalea nikiwa sokoni. Nikitoka wamelala, nikirudi wamelala. Nilijua saizi za miguu yao kuliko nilivyojua sauti zao. Huyu wa mwisho alipopiga hatua ya kwanza niliambiwa siku tatu baadaye, kama mtu anavyopewa habari za mtaa mwingine. Sasa nina mguu unaouma nikisimama sana, nina jirani wa kibanda, mama anayeuza mikoba, anayeweza kunishikia biashara siku mbili kwa wiki, na nilitaka kumwona mtoto mmoja akiwa macho. Nilitaka kwa namna ambayo, kama ningekuwa mteja, mimi mwenyewe ningejiongezea bei.

Tulikutana sebuleni kwa mkwe. Chai, mkate uliopakwa siagi, binti yangu katikati na mtoto mapajani. Nilianza na siku tano. Mkwe alicheka kidogo kidogo mpaka leso ikapinda, jambo ambalo sijaliona tena. Akasema nije Jumapili baada ya kanisa, nitapewa mtoto nimshike saa nzima. Nikashuka hadi nne. Akaniongezea chai. Nikashuka hadi tatu, akanyamaza, na kabla sijajua nimefungua mdomo nikawa nimesema mbili. Jumanne na Alhamisi, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Hata jina tulipatania. Yeye alitaka mtoto aniite guka, kama watu wa kwao, mimi nikataka kwaro, kama wa kwetu, tukamalizia kwa babu, neno ambalo halikuwa la yeyote kati yetu. Mtoto mwenyewe alikuwa bado haongei.

Binti yangu alitusikiliza sote tukimpima mwanawe kama kitambaa. Mwishoni akasema lake.

"Sitaki kufichwa. Kitu chochote kikimpata mtoto, hata kidogo, mnaniambia saa hiyo hiyo. Nikijua kuna mtu alinificha, huyo hashiki mtoto tena. Na sijali ni nani."

Tukaitikia kwa vichwa, mimi na mkwe, kama watoto wa shule.

Jumanne ya kwanza nilifagia chumba changu mtaani Lindi, si mbali na soko, mara mbili na kukipiga deki mara mbili. Nilimwomba jirani apunguze redio, akapunguza, kisha akaja kuchungulia ni mgeni gani huyo wa kupunguziwa redio. Asubuhi yote ilienda vizuri. Mtoto alikunywa maziwa aliyoachiwa na mama yake, akanitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kasoro kwenye soli, akacheka. Karibu saa saba mchana alilala kitandani pangu, shati limefunguliwa kwa sababu ya joto la mabati, nami nikakaa kando yake kwenye kigoda, nikiwa na raha ambayo sikujua niiweke wapi.

Ndipo nikaona anavyopumua.

Tumbo lilikuwa likienda mbio, juu chini, juu chini, kama la mtu aliyekimbizwa na askari wa kanjo, wale wa jiji. Halafu likasimama. Halikupunguza mwendo kwanza. Lilisimama tu. Nikahesabu, maana sijui kufanya kingine: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Nilipofika saba, mimi mwenyewe nilikuwa sipumui. Kisha akavuta pumzi moja ndefu, akaanza mbio zake tena, usingizini, bila wasiwasi wowote.

Nikakumbuka mama wa afya, yule anayezunguka Lindi nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Wiki moja kabla nilimsikia mlangoni kwa jirani akieleza: mtoto wa umri huu, akiwa ametulia, mhesabu pumzi dakika nzima. Zikifika hamsini au zaidi, usingoje kesho, mpeleke kliniki. Inaweza kuwa nimonia.

Nikachukua simu, nikafungua saa, nikahesabu dakika nzima. Sabini na mbili.

Nikarudia. Sabini na nne.

Nilimfunga mtoto shuka, nikafika mlangoni, na pale nikasimama. Simu ilikuwa mkononi. Ningeweza kwenda kliniki kwanza. Kama ni kitu, ningesema. Kama si kitu, tungerudi, tungelala, na Jumanne yangu ingebaki safi. Hakuna aliyekuwa ameona. Nilisimama pale kwa muda ambao, kwa aibu, naukumbuka vizuri. Halafu nikampigia binti yangu. Nikamwambia mtoto anapumua mbio, ninampeleka kliniki upande wa Ayany, na namba ni hizi. Hakuuliza mara mbili. Nilisikia kiti kikianguka nyuma yake.

Muuguzi wa kliniki alikuwa binti wa umri wa wangu. Alimlaza mtoto, akamfungua shati, akatazama saa yake ya mkononi na tumbo la mtoto, kimya, dakika nzima.

"Thelathini na sita," akasema.

"Rudia," nikamwambia.

Alinitazama, lakini akarudia. Thelathini na saba. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mimi nilipata sabini na mbili, na mara ya pili sabini na nne, na kwamba anaweza kuuliza soko zima kama mimi ni mtu wa kukosea hesabu.

"Haya mzee, hesabu nikusikie."

Nikainama. Tumbo likapanda, nikasema moja. Likashuka, nikasema mbili. Likapanda, tatu. Likashuka, nne. Nilipofika kumi aliinua kidole kuninyamazisha.

"Kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Nauza viatu. Toi."

"Sasa nimeelewa," akasema, na akajitahidi asicheke. "Mzee, hapa hatuhesabu kushoto na kulia. Kupanda na kushuka ni pea moja."

Kikohozi kikasikika mlangoni. Alikuwa mkwe, aliyepigiwa simu na binti yangu akafika kwa bodaboda kutoka Kawangware akiwa na kitabu cha kliniki cha mtoto mkononi na kofia ya bodaboda bado kichwani, juu ya leso. Alikuwa amesikia yote. Aliangalia tu miguu yangu, nami nikaiangalia. Mguu mmoja nilikuwa na kandambili, mwingine kiatu cha ngozi. Miaka ishirini na sita katika biashara ya viatu.

Binti yangu alifika akihema kuliko mtoto. Muuguzi akamwambia mtoto ni mzima kabisa, mapafu safi, hana homa. Mimi, kwa kuwa aibu ilikuwa imeshaingia na haina cha kuongeza, nikauliza kuhusu kule kusimama. Saba nzima, nikasema, na hizo sikuzihesabu kushoto na kulia.

Hapo muuguzi aliacha kucheka. Alinigusa nyuma ya kichwa, chini, pale fuvu linapoishia.

"Hapa," akasema. "Ubongo unaposhikana na uti wa mgongo. Kuna sehemu ndogo hapo hailali. Kazi yake ni kuonja damu."

Alivyonieleza, nami nasimulia kwa maneno yangu, ni kwamba sehemu hiyo haishughuliki sana na hewa nzuri inayoingia. Inachofuatilia ni ile hewa iliyokwisha kutumika, kaboni dioksidi, ile tunayoitoa. Ikirundikana kwenye damu hata kidogo, amri inatoka, kifua kiongeze mwendo. Ikipungua, amri inatoka, kifua kitulie. Usiku na mchana, bila mtu kuiuliza. Kwa mtoto mchanga, mdhibiti huyo wa pumzi bado ni mgeni kazini. Mtoto anapumua haraka kidogo kuliko inavyohitajika, hewa chafu inapungua mno, mdhibiti anasema basi, tupumzike. Inarundikana tena, anashtuka, anaanza mbio. Ndiyo maana kunakuwa na kusimama kule. Akikua ataacha. Kisha akanipa masharti, na haya niliyaweka kichwani kwa mpangilio wake: kusimama kukipita sekunde kumi, au midomo ikibadilika rangi, au mbavu zikivutwa ndani, au mtoto akikataa kunyonya, "hapo mzee usihesabu, kimbia."

Binti yangu hakunikasirikia. Ingekuwa nafuu. Tulitembea pamoja hadi Ngong Road, yeye amembeba mtoto, mkwe nyuma yetu na kofia yake chini ya kwapa. Tulipofika barabarani akasema kwa upole, bila kunitazama:

"Baba, tupumzike kidogo na hii mambo ya Jumanne."

Mkwe akaongeza, kwa sauti ile yake ya chini, kwamba kila mtu ana kipawa chake, na viatu pia ni kipawa.

Kwa hiyo nilirudi sokoni Alhamisi, siku ambayo ilikuwa yangu. Jirani wa mikoba alikuwa amejiandaa kunishikia kibanda, akaniona, akauliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia tumepumzika. Kisha, kwa kuwa sikuwa na mtoto wa kumhesabu, nikaanza kuhesabu watu wazima.

Nilianza na mimi mwenyewe, na hapo nikagundua kitu cha ajabu. Mtu hawezi kujihesabu pumzi kwa haki. Nikikaa bila kuwaza, zinakwenda zenyewe. Nikisema sasa nazihesabu, mara zinajipanga, zinakuwa ndefu, zenye adabu, kama wapangaji wa mkwe wanapomsikia akifungua mlango. Nilipata kumi na moja, nikarudia nikapata tisa. Ikabidi jirani wa mikoba anihesabu nikiwa sijui, akiwa amejificha nyuma ya mikoba yake. Alipata kumi na sita. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Halafu nikajaribu kupatana na yule mdhibiti. Nilikaa kwenye kigoda, nikafunga mdomo na pua, nikatulia. Mwanzoni ubongo unakuruhusu. Unakuacha ujione bingwa. Baadaye unaanza kukugonga kifuani taratibu, kama mteja anayegusa kiatu na kukirudisha. Ukikataa, mdhibiti anagonga tena. Unaweza kuomba kidogo, na unapewa kidogo, na ukiomba tena unapewa kidogo kuliko hicho, mpaka ghafla mdomo unafunguka wenyewe na hewa inaingia kwa kelele, na watu wa kibanda cha tatu wanageuka. Nimepatana na watu wengi maishani. Huyu ndiye wa kwanza niliyekutana naye ambaye bei yake ya mwisho ni ya mwisho kweli. Na anasikiliza kwanza. Hilo lilinipendeza.

Niliendelea. Wabebaji wanaopandisha magunia kutoka barabarani, pumzi zao zilianza kwenda mbio walipoinama kushika gunia, kabla hata halijafika mgongoni. Ubongo ulikuwa umeuona mlima. Na wateja? Mteja akikipenda kiatu kwa dhati, anaweza kukunja uso, anaweza kukirusha chini akisema kimechoka, lakini kifua chake kinapanda juu juu na upesi. Wiki mbili za kuhesabu pumzi za watu zilinifundisha biashara kuliko miaka ishirini na sita ya kutazama nyuso. Sikumwambia mtu. Sasa nimesema, basi.

Lakini Jumanne zilikuja na kupita. Jumapili nilikwenda Kawangware, nikapewa mtoto saa moja kama nilivyoahidiwa tangu mwanzo. Mkwe aliketi karibu. Kila nilipomtazama mtoto tumboni, mkwe alinitazama mimi mdomoni.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya tatu, mchana, nikiwa katikati ya kupatana na kijana aliyehema vizuri sana mbele ya raba za bluu, simu ikalia. Mkwe. Hakuwa amewahi kunipigia mchana. Wala usiku. Ujumbe wote kati yetu ulipitia kwa binti.

"Mkwe," akanong'ona. "Uko peke yako?"

Nikatoka nyuma ya kibanda.

"Huyu mtoto amelala hapa. Amesimama kupumua. Ameanza tena. Sasa amesimama tena. Mkwe, nimelea watano. Sijawahi kuona hii."

Nikajibu kwamba hakuwahi kuiona kwa sababu hakuwahi kukaa na kuitazama, na kwamba mimi pia sikuwahi. Kisha nikamuuliza alichoniachia muuguzi, kimoja kimoja. Midomo? Rangi yake ya kawaida. Mbavu zinavutwa? La. Amenyonya? Amemaliza chupa yote, akataka nyingine. Akisimama, anasimama kwa muda gani? Hakujua. Alikuwa ameomba Mungu tu.

"Weka simu kwenye spika, ilaze kitandani," nikamwambia. "Akisimama, hesabu kwa sauti. Ikipita kumi, tunaacha kuongea na unakimbia."

Nikasikia sauti yake ya chini ikihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha pumzi nyingine ndefu, na hiyo haikuwa ya mtoto.

"Sita," akasema.

"Sasa tumhesabu dakika nzima. Mimi natazama saa, wewe tazama tumbo. Na mkwe, kupanda na kushuka ni pea moja."

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

Alipata thelathini na nane. Tukarudia, thelathini na saba. Nikamweleza ya mdhibiti mgeni kazini, anayeonja damu na kukosea kidogo kidogo, na kwamba atakaa sawa na umri. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo pia sijaliona tena. Yule kijana wa raba za bluu alikuwa ameshakwenda zake. Hata sikumhesabia hasara.

Kisha mkwe akasema:

"Hii tuiache kati yetu."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Huyu mama yake atashtuka bure. Ataacha kazi, atakuja mbio. Umeona vile alikuja siku ile. Hakuna haja." Akaongeza: "Jumanne unaweza kumchukua. Nitamwambia mimi ndiye nimesema."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yeye ndiye aliyetaja bei kwanza. Nami nilijua la kufanya, nalijua tangu ujana: nyamaza. Nikanyamaza. Nikashika na pumzi.

"Jumanne na Alhamisi," akasema.

Ilikuwa pale mbele yangu, yote, bila hata ya majaribio. Kilichotakiwa ni mimi kuendelea tu kufanya nilichokuwa nikifanya, yaani kutosema kitu. Nilimwona mtoto kitandani pangu Lindi, shati limefunguliwa. Nikamwona pia binti yangu sebuleni, akisema hajali ni nani. Nikaendelea kushika. Kifua kikaanza kugonga. Nikaomba kidogo, nikapewa. Nikaomba tena. Halafu yule wa nyuma ya kichwa akasema basi, mdomo ukafunguka, na pumzi ilipotoka ikatoka na neno.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hiyo haiuzwi, mkwe. Mpigie. Mwambie wewe mwenyewe, vile mimi nilimwambia. Mwanzie kwa kusema mtoto ni mzima, asije akaangusha kiti tena."

Nyuma yake nilisikia mpangaji akifua, maji yakimwagwa uani.

"Atanicheka," akasema.

"Mimi ulinikuta na kandambili moja na kiatu kimoja. Kuna kitu kimebaki cha kuchekwa?"

Nikasikia kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni simu inakatika. Alikuwa anacheka.

Sikujua kama angepiga. Nilirudi kibandani, nikapanga viatu vilivyokuwa vimepangwa. Jirani wa mikoba alinitazama akasema pumzi zangu ni ishirini na mbili, sina haja ya kumwambia nina wasiwasi. Jua lilikuwa bado juu binti yangu aliponipigia kutoka kazini, mashine za kushona zikivuma nyuma yake.

"Mama mkwe amenipigia," akasema. "Amenieleza yote. Hata ile alitaka kukupatia Jumanne."

Nikasema ndiyo.

"Baba, siku ile ya kliniki, hakuna mtu alikuwa amekuona. Ungenyamaza tu, singejua. Nimekuwa nikifikiria hiyo. Nilikasirikia hesabu, na hesabu si kitu, hata mimi nakosea mita za kitambaa." Akakohoa. "Jumanne nitamleta."

"Na Alhamisi?"

"Baba, usianze."

Nikanyamaza. Yeye ni mwanangu, lakini ni Nairobi iliyomlea, na mama mkwe wake amemfundisha mengi. Alinyamaza pia. Tulisikilizana tukipumua, kila mmoja upande wake, mashine zikivuma.

"Na Alhamisi," akasema.

Sasa ni miezi miwili. Mtoto amenenepa, ameanza kuvuta pua yangu kama mtu anayejaribu ubora wa ngozi. Kule kusimama kumepungua, na kukitokea hakufiki nne. Kila siku karibu saa saba, yule asiye na mtoto humpigia mwenye mtoto, na hatusalimiani kwa kirefu.

"Ngapi?" mkwe aliniuliza Jumanne iliyopita.

Mtoto alikuwa amelala juu ya kifua changu, si kitandani, na joto la mabati lilikuwa limetulegeza sote wawili. Kwa jinsi tulivyolala, tumbo lake lilipanda langu likishuka, na mara nyingine yote mawili yalipanda pamoja, nikawa sijui ninahesabu pumzi za nani.

"Thelathini na mbili," nikasema.

"Umerudia?"

Nikamwambia sijarudia. Nilisikia lango lake likifungwa kule Kawangware. Halafu akaniambia yeye siku hizi hurudia.